Kabla Hujasaini Fomu ya Shahada ya Sanaa

Julai mwaka jana mzee mmoja kutoka Tukuyu aliingia dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, akiwa na binti yake na bahasha ya kaki. Nina steshenari. Natoa fotokopi, nachapa barua, nalaminisha vitambulisho, na matokeo ya kidato cha sita yakitoka nawasaidia vijana kuomba vyuo kwa mtandao. Binti yule ana mkono wa kuchora ambao sijauona kwa mtu mwingine wa umri wake. Madaftari yake ya Jiografia yamejaa nyuso: akina mama wakipanga ndizi Kiwira, konda aliyening'inia mlangoni mwa Hiace, bibi yake akipepeta maharage. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameomba chuo peke yake kwa simu, akachagua programu ambayo alitafsiriwa kuwa ni "Shahada ya Sanaa", akachaguliwa. Nyumbani wakauza ndizi na kahawa, akapanda basi. Wiki ya pili ya masomo ndipo alipoelewa kwamba amedahiliwa kusoma sosholojia. Hakukuwa na brashi, rangi wala studio. Alirudi nyumbani, na ada ya muhula haikurudi naye.

Mzee hakuja na hasira. Alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, haya masharti yaliandikwa wapi?"

Yaliandikwa. Mengine yalikuwa kwenye mwongozo wa udahili, mengine kwenye barua ya udahili, mengine kwenye kijitabu cha kanuni ambacho mwanafunzi hutia saini kwamba amekisoma na kukielewa. Ila karatasi hizo huja kwa nyakati tofauti, kwa lugha ya ofisini na mara nyingi kwa Kiingereza, na familia nyingi husoma ukurasa mmoja tu, ule wa ada. Naandika kwa ajili ya mzee yule, na kwa kila mzazi wa Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa ambaye mtoto wake anataka kusomea uchoraji, uchongaji, ufinyanzi au usanifu wa michoro mpaka apate shahada.

Sanaa ipi?

Fundo la kwanza liko kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu "sanaa" ni kazi ya mkono na ya ubunifu: mchoro, kinyago, ngoma, maigizo. Lakini shuleni tunasema pia kwamba mtoto "anasoma masomo ya sanaa", tukiwa na maana ya Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza. Wale wa michepuo ya HGL, HKL na HGK. Vyuo vikuu navyo vina shahada inayofupishwa BA, na tafsiri yake ya siku zote ni Shahada ya Sanaa. Chini ya BA kuna sosholojia, historia, uchumi, isimu, siasa. Uchoraji pia uko humo humo. Kwa hiyo hizo herufi mbili hazikwambii lolote kuhusu utakachokifanya darasani. Kinachokwambia ni maneno yanayofuata baada yake: BA *katika nini*.

Na hata baada ya hapo, usiishie kwenye jina. Tafuta orodha ya kozi za mwaka wa kwanza. Ukiona kozi za kuchora kwa kutazama, za rangi, za uchongaji, za historia ya sanaa, uko mahali pake. Ukiona nadharia za jamii na takwimu peke yake, ondoka.

Huku kwetu vyuo vipo. Mbeya ina MUST, TEKU, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mbeya na kampasi ya Mzumbe. Iringa ina Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa. Kijana anayetaka ualimu, uhandisi, sheria au biashara anaweza kusoma na bado akala ugali wa nyumbani. Anayetaka kuchora mara nyingi huishia kutazama Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa za ubunifu. Wengine huanzia Bagamoyo kwenye TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kuwa wakala wa serikali mwaka 2007. Pale hupata stashahada kwanza, kisha huomba shahada. Umbali huo uuweke akilini, maana karibu kila sharti nitakalolitaja linauma zaidi kwa mtu aliye mbali na kwao.

Pointi zinazoshuka na pointi zinazopanda

Hapa ndipo ninapowaona wazazi wakichanganyikiwa zaidi, na siwalaumu. Kuna mifumo miwili ya pointi, na inakwenda pande tofauti.

Baraza la Mitihani, NECTA, linahesabu pointi kama mbio: aliyeshika namba ndogo ndiye aliyetangulia. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kama mavuno: mwenye nyingi ndiye mwenye heri. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Mtu akikwambia "mwanangu ana pointi 14", muulize ni za nani.

Sharti la chini la TCU kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni ufaulu wa prinsipo, yaani A hadi E, katika masomo mawili, na pointi za masomo hayo mawili zifike 4.0. Waliomaliza 2014 na 2015 wana jedwali lao, kwa sababu madaraja ya alama yalibadilishwa miaka hiyo. Sasa tazama vijana wawili waliokaa dawati moja. Wa kwanza ana D, D na S. Wa pili ana B, S na S. Kwa NECTA wote wana 14. Kwa TCU, wa kwanza ana D mbili, mbili na mbili ni nne, amepita. Wa pili ana B nzuri kuliko alama yoyote ya mwenzake, lakini S si prinsipo, kwa hiyo ana prinsipo moja tu na mlango umefungwa. Nimeshuhudia mama akilia juu ya kaunta yangu kwa sababu hiyo, akidhani mtandao umekosea. Haukukosea.

Sharti hilo la jumla ni kizingiti tu. Ndani ya mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka kuna majedwali ya programu moja moja, na kila programu ina safu zake: jina, masharti mahususi, pointi za chini ambazo chuo chenyewe kimeziweka, idadi ya nafasi, na miaka ya masomo. Safu ya masharti mahususi ndiyo ya kusomwa kwa kidole. Hapo huandikwa prinsipo zako mbili zinatakiwa ziwe za masomo gani, na kama unatakiwa uwe umefaulu somo fulani kidato cha nne. Kijana mwenye alama kubwa katika masomo yasiyotajwa hapo hadahiliwi, na mwenye alama za wastani katika masomo yaliyotajwa anadahiliwa. Safu ya nafasi nayo ina maana yake. Programu za sanaa za mikono huwa na nafasi chache, kwa sababu studio haijazwi watu kama ukumbi wa mihadhara. Kutimiza sharti kunakupa haki ya kushindania nafasi. Haikupi nafasi yenyewe.

Aliyetoka na stashahada ana njia yake: ufaulu wa masomo yasiyopungua manne kidato cha nne, na wastani wa GPA usiopungua 3.0 katika stashahada inayohusiana na anachokiomba. Atahitaji pia namba ya uhakiki kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi; namba hiyo vijana wanaijua kwa kifupi chake, AVN. Iombe mapema, maana bila hiyo maombi yako hayasogei. Wapo pia wanaopitia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, nayo ina masharti yake ya alama.

Na kwa walio bado shuleni: mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi, yaani michepuo, 65 za kidato cha tano, na humo ndani sasa kuna kundi zima la sanaa. Kwa miaka mingi mtoto mwenye kipaji cha kuchora alilazimika kukificha kipaji hicho nyuma ya HKL. Mwenye mtoto kidato cha nne sasa hivi aulize shule gani inafundisha tahasusi hizo kabla ya kujaza fomu ya machaguo.

Namba ya simu ya nani?

Hili naliandika nikiwa na uchungu, kwa sababu linatokea kwenye maduka kama langu. Kijana anatoka Ileje au Makete, hana barua pepe, simu yake imeharibika, anayemsaidia anaandika namba ya duka. Inaonekana ni wema. Kisha majina yanatoka, kijana amechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, na mfumo unatuma namba maalumu ya siri kwa ujumbe wa simu ili athibitishe chuo kimoja anachokitaka. Ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu mwingine, katikati ya jumbe za vijana wengine arobaini. Siku za kuthibitisha zinapita. Asiyethibitisha kwa wakati hupoteza nafasi yake, na haijalishi alikuwa na A ngapi.

Kwa hiyo sharti la kwanza la udahili, hata kama halijaandikwa kwenye ukurasa wa masharti, ni kuwa na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi, na barua pepe ambayo neno lake la siri unalo wewe. Mimi sikuhizi sipokei ombi bila hivyo. Namwambia mtu akanunue laini kwanza, ndipo arudi.

La majina ni fupi lakini limewakwamisha wengi. Huku kwetu majina ya ukoo yanayoanza na Mwa- yanaandikwa kila mwalimu anavyosikia: cheti cha kuzaliwa kina y, cheti cha kidato cha nne kina i, kitambulisho cha NIDA kimeacha herufi nzima. Chuo hudahili kwa majina yaliyo kwenye vyeti vya mitihani, na Bodi ya Mikopo hulinganisha na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Yakipishana, utatakiwa kiapo au hati ya kubadili majina iliyosajiliwa. Shughulikia hilo wakati unasubiri matokeo, usingoje mpaka wiki ya usajili.

Barua ya udahili ni mkataba

Barua ikifika nyumbani watu hupiga vigelegele, na wana haki. Lakini vigelegele vikiisha, kaeni chini muisome kama mnavyosoma hati ya kuuziana shamba. Chuo kinasema: tunakupa nafasi, kwa masharti haya. Wewe ukisaini na kulipa, umeyakubali. Kwa sheria yetu ya mikataba anayeweza kujifunga ni mtu aliyefikisha miaka 18, ndiyo maana aliye chini ya hapo huhitaji saini ya mzazi au mlezi. Na anayesaini bila kusoma amejifunga sawasawa na aliyesoma.

Anza na ada, lakini usiiangalie ile namba kubwa peke yake. Chini yake kuna mistari midogo: usajili, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, mitihani, ada ya TCU ya uthibiti wa ubora ambayo ni shilingi 20,000 kwa mwaka, bima ya afya ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 50,400. Jumlisha yote. Angalia pia kama ada inalipwa kwa awamu, na awamu ya kwanza ni kiasi gani, kwa sababu mahindi yetu yanavunwa katikati ya mwaka wakati bei iko chini kabisa. Familia inayojua mapema kwamba awamu ya pili ni ya muhula wa pili inaweza kuhifadhi magunia kadhaa ikayauza bei ikipanda. Isiyojua huuza yote Julai. Malipo ni kwa kontroo namba iliyotolewa na chuo kwa jina la mwanafunzi. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie ada "akusaidie kuwahi nafasi", ni tapeli.

Kisha kuna gharama ambayo mara nyingi haimo kwenye jedwali la ada, nayo ndiyo inayomtofautisha mwanafunzi wa sanaa na jirani yake wa bweni anayesoma historia. Ni vifaa. Karatasi nzito, mkaa wa kuchorea, brashi, rangi za mafuta au za akriliki, kanvasi, fremu, patasi, udongo, na siku hizi kompyuta yenye nguvu ya kuendesha programu za usanifu. Barua inaweza kusema kwa sentensi moja tu kwamba mwanafunzi atajitegemea vifaa vya studio. Sentensi hiyo ni fupi lakini ni ghali. Andikia idara kabla ya kusaini, uliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza hununua nini, chuo hutoa nini, na kama tanuru na mashine hutumika bure au kwa malipo. Idara nzuri itakujibu, kwa sababu hata wao hawapendi mwanafunzi anayekaa studio mikono mitupu.

Sharti linalofuata ndilo lililompata binti wa Tukuyu: kurudishiwa fedha. Vyuo vingi huandika kwamba ada iliyolipwa hairudishwi, au hurudishwa kwa sehemu ikiwa mwanafunzi ataandika barua ya kujitoa ndani ya muda fulani. Neno la kushika hapo ni *barua*. Yeye aliondoka tu. Alifunga begi, akamuaga mwenzake wa chumbani, akapanda basi la alfajiri. Kwa kumbukumbu za chuo alikuwa bado mwanafunzi, na siku za kudai zikapita akiwa nyumbani anachambua kahawa. Angeandika barua wiki ile ile, akaipeleka kwa msajili na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, angekuwa na la kusimamia. Tena angeweza kuuliza kuhusu kuhama programu, maana kuna dirisha la uhamisho mwanzoni mwa mwaka kwa mwenye sifa za programu anayoitaka, kama nafasi ipo. Hakujua. Hakuna aliyemwambia.

Mchoro ni wa nani?

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, na ambalo sijawahi kumsikia mzazi akiliuliza. Mwanafunzi wa sanaa hutengeneza vitu. Kwa miaka mitatu atachora, atachonga, atafinyanga, na vitu hivyo vina thamani. Ni vya nani?

Nitumie mfano wa vyungu. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kule Kyela, hufinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mtumbwi mpaka soko la Matema. Ukinunua chungu, kimekuwa chako. Pikia, pandia maua, kivunje ukitaka. Lakini hujanunua haki ya kusema umekifinyanga wewe. Kitu ni kimoja, ufundi uliokizaa ni kingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo. Mchoro wako unapotoka mkononi, hakimiliki ni yako tangu dakika hiyo, bila kujisajili popote, ingawa kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi ukidhulumiwa. Mtu anaweza kumiliki kanvasi ikiwa ukutani kwake, na bado asiwe na ruhusa ya kuichapa kwenye kalenda, fulana au tangazo.

Sheria hiyo ina jambo jingine: kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake ni ya mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Mwanafunzi si mwajiriwa. Analipa ada, halipwi mshahara. Kwa hiyo kazi zake ni zake, *mpaka pale atakaposaini karatasi inayosema vingine*. Ndiyo maana kifungu cha kazi za wanafunzi kinatakiwa kisomwe mara tatu.

Kifungu hicho huwa na sura mbalimbali, na hazilingani kwa uzito. Kuna chuo kitakachoomba kubaki na kazi chache za mwaka wa mwisho kwa ajili ya kumbukumbu au mkusanyiko wa idara. Hilo halina ubaya. Uliza tu kama utaruhusiwa kuziazima kwa maonyesho, na nani atalipa zikiharibika. Kingine kitaomba ruhusa ya kutumia picha za kazi zako kwenye tovuti na vipeperushi. Hilo nalo ni la kawaida, ila jina lako liwepo kando ya kazi. Haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeifanya kazi, na ya kupinga isipotoshwe, ni haki ya kimaadili ya msanii, nayo sheria imeitambua peke yake, mbali na haki za kifedha. Lakini ukikuta maneno yanayosema haki zote za kazi zitakazofanywa wakati wa masomo zitakuwa mali ya taasisi, hapo simama. Uliza kwa maandishi: zote, hata nilizochora likizo nyumbani kwa rangi zangu? Hata oda niliyopewa na mwenye hoteli Kyela? Mara nyingi utakuta walimaanisha miradi iliyofadhiliwa au iliyofanywa kwa vifaa vya chuo, na watakuandikia hivyo. Jibu hilo litunze pamoja na vyeti.

Muda nao una maana. Kazi isiyochukuliwa studio baada ya mwaka kwisha mara nyingi huandikwa kwamba itatupwa au itatumiwa tena. Kwa mtoto wa Dar es Salaam hilo ni safari ya daladala. Kwa wa kwetu, kusafirisha sanamu ya udongo kilomita 800 kwenye buti ya basi ni bajeti. Tenga fedha hiyo mapema, au piga kila kazi picha nzuri mchana wa jua kabla hujaondoka. Picha hizo ndizo potifolio yako ya kesho, yaani mkusanyo wa kazi zako wa kuwaonyesha watu.

Picha yako mwenyewe, sura yako, ni suala jingine. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na inazibana taasisi zinazokusanya taarifa za watu. Kama fomu ina kisanduku cha kukubali sura yako itumike kwenye matangazo, ujue kwamba unaombwa ridhaa, na ridhaa mtu huweza kuikataa.

Kubaki ndani

Masharti ya kubaki nitayapitia haraka, kwa sababu yanafanana kwa programu zote. Shahada ya kwanza inahitaji angalau krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndani na nje ya darasa. Kwa sanaa saa hizo zinalala studio. Mtu hawezi kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani akachora kazi za muhula mzima. Rangi ya mafuta yenyewe haikauki kwa usiku mmoja. Soma kiwango cha mahudhurio kilichowekwa, soma GPA ya chini ya kuendelea, na ujue maneno ambayo wenzako watayatumia: sapu ni kurudia mtihani wa kozi uliyofeli, karioova ni kuibeba kozi mpaka mwaka unaofuata, disko ni kuondolewa. Kunakili kazi ya mwingine na kuiita yako kunahesabiwa udanganyifu sawa na kuingia na karatasi kwenye mtihani.

Ukiugua au ukifiwa, sharti ni kuomba kuahirisha *kabla* hujatoweka. Huku kwetu msiba unaweza kumweka mtu kijijini wiki tatu, na hakuna anayeshangaa. Mfumo wa chuo haujui msiba mpaka uuandikie.

Mkopo ni mkataba wa pili

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Wazazi wengi wanaijua kwa bumu, yaani fedha ya chakula na malazi. Lakini mkopo una vipengele zaidi: ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na kipengele kinachoitwa mahitaji maalumu ya kitivo. Mwanafunzi wa sanaa asikipite hicho cha mwisho bila kuuliza, kwa sababu vifaa vya studio vinahusika hapo. Usipopangiwa au ukipangiwa kidogo, kuna dirisha la rufaa, nalo lina tarehe zake.

Upande wa kulipa ndio unaomhusu msanii kwa namna ya pekee. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na mwajiri ndiye anayekata. Wasanii wengi hawana mwajiri. Wanadhani kwa kuwa hakuna hati ya mshahara, deni limelala. Halilali. Baada ya miezi 24 tangu kumaliza au kuacha masomo, aliyejiajiri anatakiwa kurejesha kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi. Na neno "kuacha" limo. Binti aliyerudi Tukuyu wiki ya tatu angekuwa amepokea bumu, angedaiwa bumu hilo.

Wachache hupata ofa ya nje. Niseme kidogo kuhusu Uingereza, kwa kuwa ndiko wanakouliza zaidi. Kule mwanafunzi anatazamwa na sheria kama mlaji anayenunua huduma. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliviandikia vyuo mwongozo wa hilo mwaka 2015. Mkataba uliofanywa kwa mbali kwa kawaida unampa mtu siku 14 za kughairi. Ofa huwa ya aina mbili, isiyo na masharti na yenye masharti, na masharti hayo kwa sanaa huwa pamoja na potifolio inayoonyesha michoro ya majaribio, si ile iliyokamilika tu. Soma amana itarudije viza ikinyimwa. Na kabla ya kuondoka, pitia TCU upate hati ya kutokuwa na pingamizi, ili kesho ukirudi na shahada isije ikawa karatasi isiyotambulika.

Mwaka huu mzee alirudi. Binti yake ameomba upya, safari hii baada ya kusoma orodha ya kozi mwenyewe, kwa laini ya simu yenye jina lake. Barua ilipotoka waliketi kwenye benchi la dukani kwangu tangu saa nne mpaka adhuhuri, yeye akisoma kwa sauti na kumfasiria baba yake sentensi moja moja. Walipofika kwenye kifungu cha kazi za wanafunzi, mzee alimsimamisha. "Hapo rudia." Akarudia. Mzee akauliza kama maana yake ni kwamba picha ya bibi aliyochora ingebaki huko. Hatukuwa na hakika, kwa hiyo tukaandika barua pepe kwa idara, mistari mitano. Jibu lilikuja baada ya siku nne: chuo kinaomba kazi mbili za mwaka wa mwisho kwa makubaliano na mwanafunzi, zilizobaki ni zake.

Alisaini akiwa amesimama kwenye kaunta, akaandika tarehe. Baba yake akaomba nitoe nakala mbili, ya barua na ya lile jibu.